Mkataba wa Nyuma ya Ukuta

Wiki iliyopita niliwaacha nikiendesha ubavuni mwa gari la timu, chupa sita zimejaa mgongoni, nikitukanana na Kocha kupitia dirishani.

Kwa ambaye hakuwepo: mimi ni mbeba maji. Huu ni mwaka wa tisa naendesha baiskeli katika mbio za kimataifa za wanawake, na kazi yangu si kushinda. Kazi yangu ni kurudi nyuma kwenye gari, kujaza chupa ndani ya jezi, kisha kuzipandisha hadi kwenye kundi na kuwagawia wenzangu watano. Nimeshavunjika mfupa wa bega (wiki ya kwanza). Nimeshasahauliwa uwanja wa ndege (wiki ya tatu). Nimeshanyang'anywa baiskeli katikati ya mlima apewe nahodha (wiki ya tano; barua zenu nimezisoma, na matusi yenu kwa Kocha nimemfikishia).

Nahodha mwenyewe ni wifi yangu. Ameolewa na kaka yangu, na kaka yangu ndiye fundi wa timu. Kwa hiyo kazini niko na familia, na nyumbani niko na kazi.

Ilikuwa siku ya nne kati ya tano. Wifi yangu alikuwa wa pili, sekunde kumi na moja tu nyuma ya mwenye jezi ya njano, jezi ya anayeongoza mbio zote, mwanamke mrefu wa timu pinzani tunayemwita Twiga. Mimi, kwa jumla ya muda wa siku zote, nilikuwa nyuma dakika nne na sekunde hamsini, mahali ambapo hakuna anayekutazama.

“Asubuhi umekwenda tena kwa waandaaji,” Kocha alisema. “Umekwenda kulalamikia vyoo.”

“Vyoo viwili, wanawake tisini na saba. Hesabu mwenyewe.”

“Mimi nahesabu sekunde kumi na moja. Wewe unahesabu vyoo.”

“Wewe unajisaidia kwenye chupa ndani ya gari, vyoo utavihesabia nini?”

Kaka yangu, kiti cha nyuma, spana mkononi, alicheka, kisha akajitia anakohoa.

“Mdomo wako huo,” Kocha alisema, “siku moja utakufikisha mahali.”

“Umeshanifikisha hapa.”

Nikachomoa kidude cha redio sikioni, nikakiacha kining'inie kifuani. Sikutaka kumsikia tena, walau kwa kilomita mbili tatu.

Kama kuna kitendo kimoja maishani ningeruhusiwa kukirudia upya, ni hicho.

*

Sasa lazima niwaambie jambo ambalo sijawahi kulisema hadharani, na wapo watakaonilaani kwa kulisema.

Mwaka juzi, siku ya pili ya mbio hizi hizi, kilomita ya thelathini na nane, binti mmoja tuliyemwita Kifaranga alisimama kando ya barabara kujisaidia. Hapakuwa na pa kujificha. Pikipiki ya mpiga picha ikasimama naye. Na akiwa bado amechuchumaa, timu mbili zikapiga mbio.

Hakulipata kundi tena. Alitolewa kwa kuchelewa, na picha ile ikazunguka dunia kabla yeye hajafika hotelini.

Nawakumbuka wote. Namkumbuka aliyepiga picha. Nazikumbuka timu zile mbili na rangi za soksi zao. Namkumbuka afisa aliyetwambia kwenye kikao, bila hata kuinua macho, “Basi msinywe maji mengi.” Mimi sisahau. Huo ndio ugonjwa wangu.

Siku hiyo hiyo niliwakusanya wanawake kwenye chumba cha kufulia nguo cha hoteli, mashine zikizunguka ili tusisikike. Nikawapa mkataba.

Mwenye jezi ya njano akiinua mkono na kugonga kofia mara mbili, kundi zima linasimama. Tunasimama penye ukuta tu, kamera isituone. Dakika tano. Haondoki mtu mpaka waondoke wote. Na atakayekimbia, yeye na timu yake nzima wafungiwe njia mpaka mbio ziishe.

Hicho kifungu cha timu nzima nilikiongeza mimi. Nilikuwa na hasira.

Hatukuwa na lugha moja. Wengine tulielewana kwa mikono. Ndipo wifi yangu akachomoa pini, akabandua kitambaa cha namba mgongoni kwake, akakigeuza upande mweupe, akakitandaza juu ya mashine. Mimi nikapita na kopo la grisi. Kila mmoja akachovya dole gumba, akapiga. Sabini na tatu. Grisi ya mnyororo haihitaji mkalimani.

Na ilikuwa lazima iwe siri, kwa sababu sheria inakataza timu kupatana na timu. Mwamuzi Mkuu, mzee mmoja wa suti ya kijivu anayetembea na mafaili yake ya miaka yote nyuma ya gari, akikukuta ndani ya mapatano anakufungia miaka miwili. Ni mtu pekee kwenye mchezo huu mwenye kumbukumbu ndefu kunizidi.

Tangu siku hiyo wakaniita Wakili. Na mkataba haukuvunjwa hata mara moja.

Mpaka nilipouvunja mimi.

*

Nilipomwacha Kocha na mdomo wake, nikaanza kupanda kwenye msafara wa magari. Gari letu lilikuwa la kumi na nne, kwa hiyo nilikuwa na magari kumi na matatu ya kupita kabla ya kulifikia kundi.

Ghafla magari yakasimama. Yote, yamepangana kando.

Hilo si ajabu. Mtu akianguka mbele, magari yanasongamana na kundi linaendelea. Nikajua kuna walioanguka. Nikapita katikati ya vioo vya magari, naomba njia, nagonga bodi kwa kiganja.

Mbele ya gari la kwanza kulikuwa na mzunguko wa barabara, na kando yake ghala kubwa la nafaka lenye ukuta mrefu. Kijana wa pikipiki mwenye bendera alinionyesha njia: huku, twende. Nikazunguka. Nikatazama mbele.

Barabara tupu.

Moyo ukanishuka mpaka kwenye pedali. Wameniacha. Nina maji ya wenzangu mgongoni, jua linachoma, na wao wameshapiga mbio. Wifi yangu atakosa maji kwa ajili ya mdomo wangu.

Basi nikakimbiza. Niliinama nikakimbiza kama sijawahi. Chupa sita zinanigonga kiuno, jasho linaingia machoni, nasema mwenyewe, kona ile nitawaona. Kona ile siwaoni. Basi nyuma ya kile kilima. Nyuma ya kilima hakuna mtu. Kilomita moja, tatu, sita. Nikawa nawalaani: leo wamekula nini hawa?

Kwenye kilomita ya tisa ikaja pikipiki ya ubao wa muda. Mtu wa nyuma ameshika ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki: 46, na chini yake, dakika 4 sekunde 10.

Ubao huo unaonyesha nani ametoroka mbele na amewaacha wengine kwa muda gani. Nikajiuliza, huyu 46 ni nani, mwanamke wa chuma. Nikaanza kupitisha timu kichwani. Thelathini na kitu ni wale wa soksi nyekundu. Arobaini na moja ni wifi yangu. Arobaini na mbili ni yule mwenzetu mkoromaji. Arobaini na tatu, nne, tano.

Nikainama nikatazama kibati cha namba kwenye fremu yangu.

Nilikuwa nakimbiza watu walioko nyuma yangu. Nilipopita walikuwa nyuma ya ukuta wa ghala, wanawake tisini na sita, wamechuchumaa kwa utulivu kwa sababu ya sheria niliyoitunga mimi, mahali ambapo hakuna awezaye kuwaona kwa sababu ya sheria niliyoitunga mimi.

Nilicheka kwa sauti, peke yangu barabarani. Mtu wa ubao akadhani jua limenipanda kichwani.

Mpaka hapo, msomaji, ni kosa. Nakuomba uweke alama hapo. Mpaka hapo sina dhambi.

*

Nikarudisha kidude sikioni.

“…mara ya ishirini nakuita,” Kocha alikuwa anasema. “Unanisikia? Endelea hivyo hivyo. Usigeuke.”

“Kocha, sikujua.”

“Najua hukujua. Ndiyo maana ni nzuri.”

Kisha sauti ya wifi yangu, inahema, maana sasa walikuwa wamepanda baiskeli.

“Wifi, uko wapi?”

“Mbele.”

“Mbele ya nini?”

“Mbele yenu.”

Nikamsikia akibadilisha gia. “Watu wanasema umepita kwenye mzunguko. Nikawaambia haiwezekani. Nikawaambia huyu ndiye aliyeandika.”

“Nimejua sasa hivi, wifi yangu. Nilidhani mmenitangulia.”

“Nakuamini. Basi simama.”

“Asisimame mtu,” Kocha alisema. “Wakili, una dakika nne na sekunde arobaini sasa. Unahitaji nne na hamsini na moja. Unaelewa ninachokwambia? Jezi ya njano. Wewe.”

Hakuna aliyewahi kutamka maneno hayo mawili pamoja, jezi ya njano na mimi, hata kwa utani.

“Wifi,” nahodha wetu alisema tena. “Twiga yuko hapa ubavuni kwangu. Anauliza unasimama au husimami. Nimwambie nini?”

Ikaja sauti ya kaka yangu, ya chini, kama amemwinamia Kocha begani. “Dada. Mwenye kulala na jambo hili ni wewe. Kocha atalala usingizi wake.”

Nilikuwa nimeacha kukanyaga. Baiskeli ilikuwa inateleza yenyewe, naisikia ikilia tik-tik-tik. Nilifikiria miaka tisa. Nilifikiria chupa. Mtu mmoja aliwahi kunihesabia kwamba nimebeba chupa zaidi ya elfu sita, na hakuna hata mmoja anayekumbuka alikunywa ya ngapi. Mimi nakumbuka kila kitu cha kila mtu, na hakuna anayenikumbuka mimi.

Nikaingiza mkono mgongoni, nikatoa chupa ya kwanza, nikaiangusha barabarani.

Halafu ya pili. Ya tatu. Zilikuwa zimeandikwa namba kwa kalamu nene, mwandiko wa kaka yangu. Nilimtupa mkoromaji. Niliwatupa wote. Chupa ya 41 niliitupa ya mwisho, na niliishika muda kidogo kabla ya kuiacha, nisije nikasema baadaye kwamba iliteleza.

Kisha nikajibakizia yangu, nikanywa, nikaanza kukanyaga.

Hapo ndipo dhambi yangu ilipo. Kilomita sabini na nane zilikuwa zimebaki.

*

Nilishinda. Sikuinua mikono. Magazeti yaliandika kwamba nilikuwa nimechoka.

“Uliiona nafasi ukaichukua?” mwandishi aliniuliza, kinasa sauti karibu na meno.

“Sikujua kama wamesimama,” nilisema.

Nusu ya kweli, nayo hufanya kazi kuliko uongo mzima.

Wakanikalisha kwenye kiti cha plastiki, taulo shingoni, tukasubiri kundi. Juu ya mstari wa mwisho kuna saa kubwa. Wa kuvuka baada yangu kwa zaidi ya dakika ishirini anatolewa mashindanoni; ndiyo sheria ya siku ile. Mimi nilijua watafika dakika ya tano, ya sita, na Twiga ana hasira.

Dakika ya sita hakuna mtu. Ya kumi, hakuna mtu. Kwenye kumi na tano Kocha akaacha kutabasamu. Kwenye ishirini Mwamuzi Mkuu akatazama ile saa kubwa, akatazama ya mkononi, akaandika kitu.

Walifika dakika ya thelathini na moja.

Walikuja mwendo wa kwenda sokoni, bega kwa bega, barabara nzima imejaa, kimya. Twiga na wifi yangu walikuwa katikati. Hakuna aliyekuwa anahema. Watazamaji walianza kupiga makofi, kisha mmoja mmoja wakaacha.

Silaha ile niliwafundisha mimi. Nilisimama juu ya beseni la nguo mwaka juzi nikawaambia, wakituonea, tutembee. Tuvuke muda sote. Hawawezi kuwatoa wote, watabaki na barabara na matangazo yao. Walinishangilia siku ile. Kumbe walikuwa wanasikiliza.

Wifi yangu akasimama mbele ya kiti changu. Akafungua kofia. Midomo ilikuwa imempasuka kwa kiu.

“Hongera, wifi,” alisema, akaenda zake.

Nilitamani anizabe kofi.

Kaka yangu alikuwa anaosha baiskeli nyuma ya gari. Kwa miaka yote hunioshea yangu kwanza, kwa sababu mimi ni dada yake na kwa sababu, asemavyo, yangu ndiyo chafu kupita zote. Siku ile aliosha tano. Yangu aliiegemeza ukutani na vumbi lake.

“Umeisahau hii,” nilimwambia.

“Sijaisahau.”

*

Mwamuzi Mkuu alikuwa ameweka meza yake kwenye ukumbi mdogo wa hoteli, mafaili yamepangwa kwa miaka. Hakunikaribisha kiti.

“Nyinyi mna lenu,” alisema. “Wanawake tisini na sita hawachelewi kwa bahati mbaya.”

“Sijui, mzee.”

“Unajua. Lakini sikuulizi, maana nikiuliza nikajibiwa kuna mapatano, itabidi nimfungie kila aliyemo, na sitaki kufanya hivyo kabla ya chakula.” Akavua miwani. “Sheria ni hii. Wao wametoka. Kesho nitaanzisha mbio za mtu mmoja. Utavaa njano, utaendesha kilomita tisini na nne, utapungia watu mkono.”

“Peke yangu?”

“Na mimi nyuma yako kwenye gari. Isipokuwa mshindi mwenyewe aje hapa aniambie ushindi wake una kasoro. Hapo namtoa yeye, siku nzima ya leo naifuta, na wengine wote wanarudi kama walivyoamka asubuhi.”

“Kasoro gani?”

“Wewe si Wakili? Saa kumi na mbili nafunga karatasi.”

Ilikuwa saa kumi na robo.

Nilipanda chumbani. Jezi ya njano ilikuwa juu ya kitanda changu, imekunjwa, bado ina harufu ya dukani. Kitanda cha wifi yangu kilikuwa kitupu. Nilikaa, nikasimama, nikafungua dirisha, nikalifunga, nikafungua bomba nikasahau kunawa. Nilijaribu ile jezi mbele ya kioo. Ilinikaa vizuri, na hilo liliniuma kuliko ingekuwa imenibana.

Mtu akikwambia hakutamani kukaa kimya mpaka saa kumi na mbili ipite, mimi siye mtu huyo. Nilikaa kimya mpaka saa kumi na moja kasorobo.

Kisha nikavua jezi, na nikiivua nikatunga uongo. Pale kwenye mzunguko kulikuwa na kituo cha mafuta. Nitasema nilikatiza ndani yake, katikati ya pampu, nikaepuka kona. Ni kosa la kufukuzwa, na ni langu peke yangu. Hakuna mkataba, hakuna ukuta, hakuna mwenzangu anayeguswa. Miaka tisa ya kusoma kitabu cha sheria vyooni ilikuwa imenisaidia hatimaye.

Nikafungua mfuko wa viatu kuchukua kile kitambaa cha alama za vidole, nilichokificha humo tangu mwaka juzi, nikakichane kwanza, kisije kikaonekana.

Hakikuwemo.

*

Nilijua pa kwenda. Chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa, karibu na jiko, mashine zote zinazunguka bila nguo ndani.

Walikuwa kama thelathini, wengine wamekaa juu ya mabeseni yaliyopinduliwa. Twiga alikuwa amejikunja kwenye kona, magoti yanamfika masikioni. Wifi yangu alikuwa mbele ya mashine ya katikati. Juu yake, kitambaa kimetandazwa, na kopo la grisi la kaka yangu.

“Amekuja mfalme wa njano,” Twiga alisema. “Sogeeni, asije akampita mtu amechuchumaa.”

Wachache walicheka. Nilistahili.

“Nakwenda kuukataa ushindi,” nilisema. “Nitamwambia nilikatiza ndani ya kituo cha mafuta.”

“Ulikatiza?” Twiga aliuliza.

“Sikukatiza.”

“Kwa hiyo kosa ulilofanya huwezi kulitaja, na utakalolitaja hukulifanya.”

“Ndiyo.”

Akamgeukia wifi yangu. “Huyu kweli ni wakili.”

Wifi yangu hakucheka. Aliweka kidole kwenye kitambaa, akaanza kupita kwenye alama nyeusi, moja baada ya moja, taratibu.

“Leo nimezihesabu,” alisema. “Miaka miwili sijawahi kuzihesabu. Za timu yetu nazijua: changu hiki chenye kovu, cha mkoromaji hiki kinene. Nimetafuta chako, wifi.”

Mashine zilikuwa zinanguruma. Nilitamani zingurume zaidi.

“Chako hakimo.”

Haya basi, niwaambie na hili. Siku ile nilikuwa nimeshika kopo kwa mkono mmoja na kitambaa kwa mwingine. Nilimpitishia kila mtu. Nilipomaliza, mtu aligonga mlango, tukakunja haraka. Nikasema nitapiga changu kesho. Kesho ikaja, nikasema kesho. Na siku hii ya nne, barabarani, chupa ya 41 ikiwa mkononi, kuna sauti ndogo iliniambia: wewe hukutia kidole. Hiyo sauti haikuwa ya Kocha. Ilikuwa yangu, ile ninayotumia kwenye vikao.

“Unakwenda kwa Mwamuzi,” wifi yangu alisema, “lakini kwanza hapa. Ukitoka humo ndani umefukuzwa, utoke ukiwa mmoja wetu.”

“Tukichane tu, wifi. Ni hatari.”

“Kidole.”

Alikuwa ameniachia nafasi katikati. Au ilikuwapo siku zote na mimi sikuwahi kuitazama. Nikachovya dole gumba. Grisi ilikuwa ya uvuguvugu. Nikagandamiza kwa nguvu, kama mtu anayezima kitu, na nilipoinua, alama yangu ilikuwa nyeusi kuliko zote.

“Sabini na nne,” wifi yangu alisema. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alinitazama usoni. “Haya nenda, mwongo wangu.”

Mlango ukafunguliwa.

Mwamuzi Mkuu alisimama kizingitini, faili kwapani.

“Nilikuwa nakutafuta,” aliniambia. “Nimeambiwa umeshuka huku.” Kisha akaona wanawake thelathini wa timu kumi na mbili, mashine tupu zikizunguka, na kitambaa.

Akasogea, akainama, akatazama alama bila kuzigusa.

“Hizi ni za nani?”

Twiga alifungua mdomo. Nikamwahi. Niliinua dole gumba langu, bado linang'aa grisi, nikaliweka mbele ya miwani yake.

“Zangu.”

“Zote?”

“Zote. Nina mazoea ya kufuta mikono.”

Nyuma yangu mtu alitoa sauti kama kicheko kilichokanyagwa. Mwamuzi alinitazama kwa muda mrefu, na nakula yamini, kulikuwa na kitu machoni mwake kinachokaribia huruma. Nilidhani yamekwisha. Nilidhani atanifungia mimi, miaka miwili, mitano, hata yote, na nilikuwa tayari, na nilikuwa mwepesi kuliko nilivyokuwa baada ya kuzitupa zile chupa.

Ndipo akashika kitambaa kwa pembe mbili, akakigeuza.

Upande wa pili, rangi imepauka kidogo, ilikuwa namba ya mbio za mwaka juzi. Kumi na moja. Kwenye pembe nne, matundu ya pini ambazo wifi yangu alizichomoa mwenyewe mgongoni kwake mwaka juzi.

“Hii si namba yako,” alisema.

Akaweka faili juu ya mashine, akalamba kidole, akaanza kufungua kurasa za mwaka juzi, moja baada ya moja, hana haraka. Wifi yangu alikuwa amesimama karibu nami kiasi kwamba nilihisi mkono wake ukiushika wangu, na grisi ikatapakaa kwenye mikono yetu yote miwili.